Usiku na Mahekalu ya Mji wa Xi'an

Wahenga walisema, tembea uone. Leo nataka twende pamoja katika nchi ya China, katika mji uitwao Xi'an. Jina hili hutamkwa "Shi-an".

Mimi ni Mtanzania. Nasoma katika chuo kimoja cha mji huu. Tuko wanafunzi wengi hapa kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Tunapopiga simu nyumbani, ndugu zetu hutuuliza maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: Huko mnaona nini? Swali la pili huulizwa zaidi na wazazi: Na usiku mnafanya nini?

Wazazi wana haki ya kuuliza. Mtoto akiwa mbali, mzazi halali vizuri. Tena saa za huku si saa za kwetu. Nyumbani ikiwa saa 2 usiku, na watu wako mezani wanakula, huku Xi'an ni saa 7 usiku. Ukimpigia mwanao simu wakati huo ukasikia kelele za muziki, lazima utashtuka. Basi katika makala hii nitajibu maswali yote mawili.

MJI WA ZAMANI SANA

Xi'an uko katika jimbo la Shaanxi, katikati ya China. Ni mji mkubwa. Katika sensa ya mwaka 2020 watu wake walihesabiwa kuwa karibu milioni 13.

Zamani mji huu uliitwa Chang'an. Ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa koo nyingi. Ukoo mmoja mashuhuri uliitwa Tang. Wafalme wa Tang walitawala tangu mwaka 618 mpaka mwaka 907. Wakati huo mji ulikuwa na watu wapatao milioni moja. Wafanyabiashara walikuja kutoka Uajemi, Uarabuni na nchi nyingine za mbali. Walikuja na ngamia na farasi. Walinunua hariri, wakaleta vito, manukato na bidhaa nyingine.

Katikati ya mji wa leo kuna ukuta mrefu wa mstatili. Ukuta huu ulijengwa miaka ya 1370, wakati wa ukoo mwingine wa wafalme, ulioitwa Ming. Kuuzunguka wote ni karibu kilometa 14. Kimo chake ni meta 12. Juu yake ni kupana kama barabara. Watu hutembea na kuendesha baiskeli juu ya ukuta.

Je, unajua ukuta huu umejengwa kwa kitu gani? Ndani yake ni udongo tu. Ni udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Matofali ya nje yaliongezwa baadaye, mwaka 1568. Kwa hiyo usiudharau udongo. Ukishindiliwa vizuri na kukingwa na mvua, hudumu.

ZAMANI USIKU ULIKATAZWA

Sasa tuje kwenye habari za usiku. Wakati wa wafalme wa Tang, mji uligawanywa katika mitaa zaidi ya 100. Kila mtaa ulikuwa na ukuta wake na malango yake. Jua lilipotua, ngoma zilipigwa. Ngoma zikiisha, malango yalifungwa. Mtu aliyekutwa barabarani baada ya hapo bila sababu ya maana alichapwa fimbo 20. Malango yalifunguliwa alfajiri, ngoma zilipopigwa tena.

Kulikuwa na siku chache tu katika mwaka ambapo amri hii ililegezwa. Ilikuwa wakati wa Sikukuu ya Taa, mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka wa Kichina. Siku hizo watu wote walitoka, matajiri kwa maskini, wanaume kwa wanawake. Walitembea usiku kucha wakitazama taa. Fikiri furaha ya watu hao, ambao mwaka mzima walilala wakiwa wamefungiwa!

Katikati ya mji wa leo pana Mnara wa Ngoma, uliojengwa mwaka 1380. Karibu yake pana Mnara wa Kengele, uliojengwa mwaka 1384. Kengele ilipigwa asubuhi, ngoma ilipigwa jioni. Minara yote miwili bado ipo. Usiku huwashwa taa, nayo hung'aa kama dhahabu. Lakini siku hizi ngoma haimfukuzi mtu barabarani. Jioni inapoingia, ndipo watu wanapotoka.

USIKU WA LEO

Ukipita chini ya Mnara wa Ngoma, unaingia mtaa wa Waislamu. Wenyeji wake ni Wachina wa kabila la Hui. Wamekaa hapa kwa vizazi vingi. Usiku mtaa huu hujaa watu hata huoni pa kuweka mguu. Moshi unapanda, wauzaji wanaita wateja. Chakula cha kwanza utakachokitambua ni mishikaki. Ni nyama ya kondoo, imetungwa katika vijiti, imepakwa chumvi, pilipili na bizari. Utadhani uko Forodhani, Unguja.

Kiko na chakula kingine ambacho kinataka subira. Unapewa bakuli na mkate mgumu. Unaumega mkate mwenyewe kwa vidole, vipande vidogo kama punje za mahindi. Ukimaliza, mpishi anachukua bakuli, anapika mkate huo katika mchuzi wa kondoo. Ukimega vipande vikubwa kwa sababu ya njaa, havikolei mchuzi. Wenyeji humega polepole huku wakizungumza. Huo ndio usiku wao.

Mahali pengine pa usiku ni viwanja vya wazi. Akina mama na wazee hukusanyika jioni baada ya kula. Wanaweka redio yao chini, wanapanga mistari, wanacheza pamoja. Hapana kiingilio. Mgeni akisimama nyuma na kufuata hatua, hakuna anayemkataza. Wanafunzi wengi wa Kiafrika wamejifunza maneno yao ya kwanza ya Kichina katika viwanja hivyo, kutoka kwa bibi wa miaka 70.

Kusini ya mji kuna barabara pana yenye taa nyingi. Vijana huja wamevaa nguo ndefu za mtindo wa kale na kupiga picha. Na karibu na Lango la Kusini la ukuta kuna vilabu vya pombe na muziki. Huko vijana hukaa mpaka usiku wa manane. Habari za vilabu nitazirudia baadaye, kwa maana huko ndiko kwenye hatari.

MSIKITI USIO NA KUBA

Ukiondoka katika kelele za mtaa wa Waislamu na kuingia kichochoro kimoja chembamba, ghafla unakuta kimya. Umefika kwenye Msikiti Mkuu wa Xi'an. Maandishi katika jiwe lake moja yanasema ulianzishwa mwaka 742. Majengo mengi ya leo yalianza kujengwa mwaka 1392.

Msikiti huu hauna kuba. Hauna mnara mrefu kama minara ya misikiti ya kwetu. Mapaa yake yamepinda ncha kwenda juu, kama mapaa yote ya Kichina ya kale. Mnara wake ni wa mbao, una orofa na pembe nane. Una nyua zilizofuatana, zenye miti na mawe yaliyochongwa. Maandishi ya Kiarabu na ya Kichina yako pamoja.

Watalii wanaruhusiwa kuingia uani, lakini chumba cha sala ni cha Waislamu tu. Mwanafunzi mwenzetu kutoka Tanga alikwenda pale siku zake za kwanza, alipokuwa hajui hata neno moja la Kichina. Mzee mmoja akamtazama. Kijana akasema, "Asalaam aleikum." Mzee akaitikia mara moja, akamshika mkono, akampeleka mahali pa kutawadha. Hawakuweza kusema zaidi, lakini kijana yule hakujiona mgeni tena.

MNARA WA VITABU

Sasa twende kwenye hekalu la Wabudha, nje ya ukuta, upande wa kusini. Hekalu linaitwa Da Ci'en. Lilijengwa mwaka 648 na mwana wa mfalme kwa kumkumbuka mama yake aliyefariki. Ndani ya hekalu pana mnara wa matofali wenye orofa saba. Kimo chake ni karibu meta 64. Unaitwa Mnara Mkubwa wa Bata Bukini.

Kwa nini bata bukini? Inasimuliwa kwamba zamani, huko India, watawa fulani walikuwa bado wanakula nyama. Siku moja wakakosa chakula. Mtawa mmoja akaona bata bukini wakiruka angani, akatamani. Mara bata mmoja akaanguka chini akafa. Watawa waliona kuwa ni onyo. Wakamzika bata, wakajenga mnara juu yake, wakaacha kula nyama.

Lakini mnara wa Xi'an haukujengwa kwa ajili ya bata. Ulijengwa kwa ajili ya vitabu. Mtawa mmoja aliyeitwa Xuanzang alitaka kuijua dini yake kutoka katika vitabu vya asili. Vitabu hivyo vilikuwa India. Mfalme alikuwa amekataza watu kutoka nje ya nchi. Xuanzang akaondoka bila kibali. Alipita katika jangwa na milima ya theluji. Alisoma India kwa miaka mingi. Aliporudi Chang'an mwaka 645, alileta vitabu 657. Mfalme hakumwadhibu, bali alimpokea kwa heshima. Mwaka 652 mnara ukajengwa ili vitabu visiungue moto wala visiharibike. Xuanzang alitumia maisha yake yaliyobaki kuvitafsiri.

Ndugu msomaji, fikiri jambo hili. Mtu huyu naye alikuwa mwanafunzi ugenini. Alikaa mbali na kwao miaka kama 16. Watu hawamkumbuki kwa vitu alivyonunua, wanamkumbuka kwa elimu aliyorudi nayo.

Mnara ule umepata misukosuko. Mwaka 1556 jimbo la Shaanxi lilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi. Watu wengi walikuwa wakiishi katika nyumba za mapango, zilizochimbwa katika vilima vya udongo. Vilima viliporomoka. Inakisiwa watu wapatao 830,000 walikufa. Mnara uliharibika, lakini haukuanguka. Baadaye ulitengenezwa. Leo umeinama kidogo upande mmoja, kama mzee anayeegemea bakora.

ADABU YA HEKALUNI

Ukiingia katika hekalu la wenyeji, hata kama si dini yako, shika adabu. Usikanyage kizingiti, kivuke. Vua kofia. Usinyoshee sanamu kidole, wala usipige picha ndani mahali palipokatazwa. Sema kwa sauti ya chini. Ukiwaona watu wanawasha vijiti vya udi na kuinama, usipite mbele yao.

Kuheshimu si kuabudu. Kijana wa Kikristo au wa Kiislamu hapotezi imani yake kwa kuvua kofia mbele ya wazee wa watu wengine. Anayeheshimu pa wenzake, naye huheshimiwa pake.

WALIOLINDA NA WALIOBOMOA

Usidhani kwamba mahekalu haya yalibaki kwa bahati tu. Kati ya mwaka 1966 na 1976 China ilikuwa na machafuko yaliyoitwa Mapinduzi ya Utamaduni. Vijana waliambiwa kwamba vitu vya kale ni vibaya. Walivunja sanamu, wakachoma vitabu. Mahekalu mengi yalifungwa au kubomolewa.

Kiasi cha kilometa 120 magharibi ya Xi'an kuna hekalu liitwalo Famen. Mwaka 1966 vijana walifika huko na kuanza kuchimba chini ya mnara. Mtawa mkuu, mzee Liangqing, hakuwa na silaha. Alijichoma moto mwenyewe mbele ya hekalu. Vijana wakaogopa, wakaacha kuchimba.

Mwaka 1981 nusu ya mnara ule ilianguka kwa sababu ya mvua. Mwaka 1987 wataalamu walipokuwa wakisafisha msingi, wakakuta chumba chini ya ardhi. Kilikuwa kimefungwa tangu mwaka 874. Ndani mlikuwa na vyombo vya dhahabu na fedha, hariri, vyombo vya kioo na mifupa midogo ambayo Wabudha wanaiheshimu kama mifupa ya vidole vya Budha. Kama vijana wale wangeendelea kuchimba kidogo tu, vyote vingepotea.

Hata ukuta wa Xi'an ulikuwa karibu kubomolewa katika miaka ya 1950. Wako waliosema unazuia maendeleo. Wengine wakautetea. Mwaka 1961 serikali ikauweka katika orodha ya mali za kale zinazolindwa na taifa. Ukuta wa mji wa Beijing haukupata bahati hiyo. Sehemu kubwa yake ilibomolewa.

HATARI ZA USIKU

Sasa nirudi kwa wazazi. Je, usiku wa Xi'an una hatari? Kwa jumla mji umetulia. Wanawake hutembea usiku bila hofu kubwa. Hatari kubwa kwa mwanafunzi ni mfuko wake na saa zake.

Mwanafunzi anayesomeshwa shahada ya kwanza kwa msaada wa serikali ya China hupewa posho ya yuani 2,500 kwa mwezi. Fedha hizo zinatosha chakula na matumizi ya kawaida. Hazitoshi kukaa kilabuni kila juma. Pombe kali ya huku hutengenezwa kwa mtama, nayo inapita kooni kama moto. Wenyeji wakikukaribisha, hujaza bilauri tena na tena. Kukataa kwa heshima si dhambi. Inua kikombe cha chai, watakuelewa.

Mwenzetu mmoja alikuwa matembezini katika mji mwingine wakati wa likizo. Vijana wawili asiowajua walimwendea wakisema wanataka kujifunza Kiingereza. Wakampeleka kunywa chai katika chumba cha ndani. Walipomaliza, akaletewa hesabu iliyokaribia posho yake ya mwezi mzima. Wale wawili wakajifanya wanalipa sehemu yao, naye akaona aibu, akalipa. Kumbe walikuwa kitu kimoja na mwenye duka.

Mama yake mwenzetu alikuwa ameuza mbuzi watatu ili kijana apate makoti ya baridi. Kijana hakuweza kumwambia. Mwezi ule alikula tambi tupu, mpaka sisi wenzake tulipogundua tukamchangia. Leo ndiye anayewapokea wanafunzi wageni. Jambo la kwanza analowafundisha ni kuuliza bei kabla ya kukaa.

Kwa hiyo, mzazi, kabla mwanao hajaondoka, mwambie haya:

1. Aulize bei kwanza. Asifuatane na mtu asiyemjua kwenda mahali pa ndani.

2. Atembee na hati yake ya kusafiria au hati nyingine inayokubaliwa na polisi, na anwani ya bweni iliyoandikwa kwa Kichina.

3. Ajue saa ya kufungwa lango la bweni. Treni za chini ya ardhi huacha kufanya kazi kabla ya usiku wa manane.

4. Akilala kwa rafiki mjini, sheria inamtaka ajiandikishe polisi kabla ya saa 24 kupita.

5. Asifanye kazi ya malipo kilabuni au popote bila kibali cha chuo na cha idara ya uhamiaji. Wako waliopoteza masomo kwa jambo hili.

6. Asiguse dawa za kulevya, wala asimbebee mtu mzigo asioujua. Sheria ya China katika jambo hili ni kali sana, mpaka adhabu ya kifo.

7. Mwisho, awe na uhuru wa kukuambia akipatwa na shida. Mtoto anayeogopa kugombezwa huficha jeraha mpaka lioze.

NA SISI JE?

Mwezi Machi mwaka 1974 kulikuwa na ukame mashariki ya Xi'an. Wakulima wa kijiji kimoja walikuwa wakichimba kisima. Hawakupata maji. Walipata kichwa cha udongo wa kuchomwa. Wataalamu walipoitwa, wakagundua jeshi zima la askari wa udongo, wakubwa kama watu. Walikuwa wamezikwa karibu na kaburi la mfalme Qin Shi Huang, aliyekufa mwaka 210 kabla ya Kristo. Inakisiwa askari hao ni 8,000 hivi. Leo watu wa dunia nzima huenda kuwaona. Jembe la mkulima ndilo lililofungua mlango.

Na sisi tunayo majembe. Tunayo magofu ya Kilwa, Kaole na Kunduchi. Katika magofu ya Kilwa vimepatikana vigae vya vyombo vya kaure vilivyotoka China karne nyingi zilizopita. Kumbe safari yetu ya kwenda China si ya jana. Vyombo vyao vilifika kwetu kabla ya sisi kufika kwao.

Basi, ukilima ukakuta kigae cha ajabu, au msingi wa ukuta wa kale, usikitupe wala usichukue mawe yake kujengea. Mpe habari mwenyekiti wa kijiji au mwalimu. Huenda umesimama juu ya historia ya watu wako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mnara wa hekalu la Da Ci'en ulijengwa?

2. Katika kijiji chako kuna kitu gani cha kale? Nani anakitunza?

3. Kama mwanao angepata shida ya fedha ugenini, angeweza kukuambia? Kama hangeweza, ni kwa nini?